Uzee, Damu ya Ngozini na Joto la Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mengi ya maswali haya huanza na neno "mbona". Mbona mama hahisi joto, mbona mikono ya babu ni barafu, mbona nyanya yuko hoi lakini hana homa. Baadhi huulizwa na wazee wenyewe, na mengi na watu wanaoishi nao. Vipimo vyote vya joto hapa ni vya Selsiasi.

## Mambo ya msingi

Ngozi inahusikaje na joto la mwili? Si ganda la nje tu?

Ngozi ndipo mwili unapotupia joto usilolihitaji, na ndipo unapolizuia lisitoke. Ini, moyo, ubongo na misuli huzalisha joto usiku na mchana, na damu ndiyo inayolibeba. Mwili ukitaka kupoa, mishipa midogo ya ngozini hutanuka, damu ya moto huja juu karibu na hewa, na joto hutoka. Ukitaka kujihifadhi, mishipa hiyo hiyo husinyaa, damu hubaki ndani, na ngozi huachwa ipoe.

Damu inayohusika si haba. Mtu mzima aliyetulia katika chumba chenye hali ya wastani hupitisha ngozini robo hadi nusu lita hivi kwa dakika. Kijana mwenye afya akipashwa joto kali anaweza kufikisha lita 6 hadi 8 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya damu yote iliyomo mwilini mwa watu wengi, ikizungushwa chini ya ngozi kila dakika. Ndiyo maana habari za ngozi haziwezi kutenganishwa na habari za moyo.

Nani anaiamuru mishipa itanuke au isinyae?

Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hupokea taarifa kutoka kwenye neva za ngozini na kutoka kwenye damu inayopita hapo ubongoni, kisha hutuma amri kwa neva za aina mbili. Za kwanza husinyaza mishipa, na hufanya hivyo hasa kwa kumwaga kemikali iitwayo noradrenalini. Za pili huitanua kwa nguvu joto linapopanda, na hizi ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya ongezeko la damu ngozini wakati wa joto.

Mshipa wenyewe nao una lake. Utando wake wa ndani hutengeneza gesi ya nitriki oksaidi inayolegeza misuli ya ukuta wa mshipa. Shikilia jina hilo, kwa sababu uzee huanzia hapo kuvuruga mambo.

Ni nini hasa kinachobadilika mtu anapozeeka?

Kwa joto: nitriki oksaidi hupungua. Kimeng'enya kimoja, ajinesi, huongezeka na kula malighafi ambayo ingetengenezea gesi hiyo, na ile kidogo inayopatikana huharibiwa mapema na kemikali haribifu za oksijeni. Ishara kutoka kwenye neva za kutanua nazo hufifia. Kwa hiyo, joto la ndani likiwa lile lile, ngozi ya mzee hupata damu pungufu kuliko ya kijana, na pengo linaweza kufika robo hadi nusu.

Kwa baridi: kijana husinyaza mishipa kwa noradrenalini ikisaidiwa na kemikali nyingine zinazomwagwa na neva hizo hizo. Kwa mzee, wasaidizi hao karibu wote hutoweka, na noradrenalini yenyewe huitikiwa kwa ulegevu. Bomba halifungi vizuri, na joto huvuja.

Ngozi nayo hubadilika umbile. Vile vitanzi vidogo vya kapilari vinavyopanda hadi karibu na uso wa ngozi hupungua, na ngozi huwa nyembamba. Ukijumlisha, mwili wa mzee hauachi kujirekebisha. Unachelewa kuanza na hauendi mbali. Maswali mengi yaliyobaki hapa chini ni matawi ya ucheleweshaji huo.

Inaanza ukiwa na miaka mingapi?

Hakuna siku maalumu. Mabadiliko huja polepole, na tafiti nyingi hulinganisha vijana wa miaka ya 20 na watu wa 60 au 65 kwenda juu. Lakini umri ni sehemu tu ya habari. Mtu wa miaka 70 anayetembea kila siku anaweza kuhimili joto kuliko wa miaka 55 mwenye kisukari, presha na kiti chake.

Joto la kawaida la mzee ni nyuzi 37 kama la kila mtu?

Mara nyingi ni chini kidogo. Ile 37 tunayoijua sote ilienezwa na daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, mwaka 1868, kutokana na vipimo vingi vya kwapani. Vipimo vya siku hizi huonyesha wastani ulio chini ya hapo, na kwa wazee hushuka zaidi, hasa asubuhi.

Fanya hivi: mpime mzee akiwa mzima, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, kwa kipimajoto kile kile na mahali pale pale. Andika. Karatasi hiyo itakuwa na thamani siku akiugua (tazama swali la homa, mwishoni).

## Joto linapopanda

Mbona mzee wangu hatoki jasho, na bado anavaa sweta kwenye joto?

Hapo kuna mambo mawili. Tezi za jasho hazipungui sana kwa idadi, ila kila moja hutoa jasho kidogo kuliko zamani. Upungufu hauji mwili mzima kwa pamoja: huanzia mapajani, hupanda mgongoni, kisha kifuani na mikononi, na paji la uso ndilo hubaki mwisho. Kwa hiyo unaweza kuona uso wenye jasho ukadhani mashine yote inafanya kazi, kumbe miguu ni mikavu. Na jasho ni kitu kikubwa: lita moja ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi.

Sweta ni jambo la pili. Neva za ngozi huchelewa kutambua badiliko la joto, kwa hiyo tofauti ambayo kijana angeihisi papo hapo, mzee huhitaji iwe kubwa zaidi ndipo aihisi. Anaposema "mimi niko sawa", hadanganyi. Ndivyo anavyohisi. Usibishane naye juu ya hisia. Mwonyeshe kipimajoto cha ukutani. Wapo wazee wasiosikia la mtu, lakini namba wanaiheshimu.

Kwa nini hawasikii kiu?

Kiu nayo huchelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 uliwanyima maji kwa saa 24 wanaume wazee wenye afya pamoja na vijana. Damu ya wazee ilionyesha wazi kwamba wamepungukiwa maji, lakini walisikia kiu kidogo, na walipofunguliwa maji walikunywa kidogo kuliko vijana.

Kwa hiyo swali la "una kiu?" halisaidii sana. Mpe maji kwa ratiba: anapoamka, pamoja na dawa, kwenye kila mlo, na katikati. Asiyependa maji matupu apewe anachokipenda chenye maji. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kikomo cha maji na daktari afuate kikomo hicho, na aulize mapema kifanyweje siku za joto kali.

Mbona mawimbi ya joto huua wazee kuliko vijana?

Wengi hudhani wote hufa kwa kiharusi cha joto. Wapo, lakini sehemu kubwa hufa kwa moyo na mapafu.

Angalia kinachotokea. Ili ngozi ipate damu ya kutosha, moyo hauna budi kusukuma zaidi, na damu ipunguzwe kwenye utumbo na figo ili iende juu. Moyo wa mzee hauongezi kasi kama wa kijana, na upunguzaji huo kutoka tumboni ni mdogo. Mtu amekaa tu kitini, lakini moyo wake uko kazini kama anayepanda ngazi, saa baada ya saa, na usiku kusipopoa haupati pa kupumzikia. Kama tayari ulikuwa mgonjwa, siku ya tatu au ya nne huelemewa.

Agosti 2003, wimbi la joto liliua watu wapatao 15,000 zaidi ya kawaida nchini Ufaransa, wengi wao wenye miaka 75 na zaidi. Chicago, Julai 1995, vifo vya ziada vilikuwa zaidi ya 700, na kuishi peke yake kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomweka mtu hatarini. Hilo la upweke wengi hulisahau. Mwili unaochelewa kutoa ishara unahitaji jicho la mtu mwingine. Kama mzee anaishi peke yake, siku za joto kali apigiwe simu au atembelewe mara mbili kwa siku, na asikilizwe jinsi anavyoongea.

Feni inatosha?

Hewa ikiwa na ubaridi kuliko ngozi, inatosha. Ngozi kwenye joto huwa karibu nyuzi 35. Hewa ikishakuwa na joto kuliko hapo, feni humpulizia mtu joto, na kinachomwokoa ni jasho linalokauka peke yake. Kijana mwenye jasho tele bado ananufaika. Mzee mwenye jasho haba hufika mapema mahali ambapo feni inamdhuru.

Suluhisho ni kumpa jasho la bandia. Lowesha mikono, shingo, miguu na mapaja kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, au mvalishe nguo nyepesi iliyoloweshwa, kisha washa feni. Rudia ngozi ikikauka. Joto likikaribia nyuzi 40, usitegemee feni tu hata ukilowesha. Mhamishie mahali penye ubaridi, hata kwa saa chache.

Dawa zipi huharibu mambo siku za joto?

Orodha ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri:

- Dawa za kuongeza mkojo hupunguza maji na chumvi.
- Dawa za kundi la beta, zinazotolewa kwa presha na moyo, huuzuia moyo kwenda kasi na zinaweza kupunguza damu ngozini.
- Dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva), na baadhi ya dawa za kibofu hukausha jasho.
- Dawa za magonjwa ya akili huweza kuvuruga haipothalamasi yenyewe. Lithiamu hujaa kwenye damu mtu anapopungukiwa maji, na hapo huwa sumu.

Asiache dawa kwa sababu ya ukurasa huu. Presha iliyoachwa ghafla inaweza kuua haraka kuliko joto. Kusanya vidonge vyote mezani, pamoja na vile vya dukani visivyo na cheti, na umwonyeshe daktari au mfamasia kabla msimu wa joto haujaanza.

Nitajuaje kuwa sasa ni hatari?

Kuchanganyikiwa ndiyo dalili kubwa. Mzee aliyekuwa anakujibu vizuri asubuhi, mchana anakuita jina la mtu mwingine, anayumba, au hataki kuamka: chukulia ni kiharusi cha joto mpaka ithibitishwe vingine. Joto la ndani hapo huwa karibu au zaidi ya nyuzi 40. Usisubiri ngozi ikauke. Wengine bado huwa na jasho.

Omba msaada wa dharura, na mpoze hapo hapo bila kungoja gari lifike. Mvue nguo, mmwagie maji baridi, mpepee, weka vitambaa vya barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Parasetamoli haisaidii, kwa sababu hii si homa: haipothalamasi haijapandisha kiwango chake, mwili ndio umeshindwa kulitoa joto.

## Baridi inapoingia

Mbona mikono ya mzee ni baridi hata ndani ya nyumba?

Mikono, nyayo, pua na masikio zina njia za mkato kati ya ateri na vena, na ndizo mwili huzifunga kwanza. Mikono baridi pekee si ugonjwa. Ukitaka kujua kama mzee amepoa kweli, acha vidole. Pitisha mgongo wa mkono wako chini ya nguo, uguse tumbo lake. Tumbo la moto, mikono baridi: mwongezee soksi na glavu. Tumbo baridi: tazama swali la haipothemia, la pili baada ya hili.

Ila kuhisi baridi kupita kiasi kulikoanza hivi karibuni kuna sababu zake, zikiwemo upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu. Vyote viwili hupimwa kwa damu.

Hatetemeki, kwa hiyo hana baridi?

Hapana. Kutetemeka ni kazi ya misuli, na misuli hupungua uzeeni. Hata kuanza kwake huchelewa. Unganisha na mishipa isiyosinyaa vizuri (swali la kinachobadilika, hapo juu) na hisia zilizofifia, upate mtu anayepoteza joto kimyakimya huku akisoma gazeti.

Mtu anaweza kupata haipothemia akiwa ndani ya nyumba?

Anaweza, na kwa wazee hutokea. Haipothemia ni joto la ndani kushuka chini ya nyuzi 35. Haihitaji theluji. Chumba cha nyuzi 15 au 16, mtu mwembamba, saa nyingi bila kusogea, au ameanguka usiku akalala sakafuni hadi asubuhi, inatosha. Shirika la Afya Duniani hushauri chumba kisiwe chini ya nyuzi 18 majira ya baridi, na kwa wazee pawe na joto zaidi ya hapo.

Dalili hufanana na uchovu au ulevi: maneno yanaburuta, mikono haishiki vizuri, usingizi. Kipimajoto cha kawaida kinaweza kisishuke vya kutosha kukuonyesha ukweli, basi tumia tumbo kama ilivyoelezwa. Mfunike, toa nguo zenye unyevu, mpashe kiwiliwili kabla ya mikono na miguu, usimsugue, na utafute msaada. Mshughulikie taratibu, kwa sababu moyo uliopoa huvurugika mapigo kirahisi.

Chupa ya maji moto kitandani ina ubaya gani?

Ubaya wake ni kwamba haichomi papo hapo. Kitu cha nyuzi 44, ambacho mkononi kwako ni uvuguvugu mzuri, kikigusa sehemu moja ya ngozi kwa takribani saa 6 kinaweza kuiunguza. Kijana angesogeza mguu usingizini. Mzee asiyehisi, mwenye damu haba ya kulichukua joto hilo na kulisambaza, haamki. Mwenye kisukari ndiye aliye hatarini zaidi. Niliwahi kuona kidonda cha kisigino kilichoanza hivyo, na kilichukua miezi kupona.

Pasha kitanda, kisha itoe chupa kabla mtu hajaingia. Soksi za kulalia ni salama zaidi, na zina faida ya ziada: nyayo zikipata joto, mishipa ya hapo hutanuka, mwili huachia joto kidogo, na usingizi huja mapema.

Kapombe kidogo si huleta joto?

Huleta hisia ya joto. Pombe hutanua mishipa ya ngozi, damu ya moto huja juu, unajisikia vizuri huku joto la ndani likitoroka. Kwa mzee kwenye baridi ni biashara mbaya.

## Maswali ya pembeni

Mzee ana nimonia lakini hana homa. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Wazee wengi wenye maambukizi makali hawapandishi joto kama vijana, na wengine joto lao hushuka. Namba ya 38 ikisubiriwa, mtu anaweza kuchelewa. Kwa mzee dhaifu, nyuzi 37.8 mdomoni inatosha kuwa homa, na vilevile ongezeko la nyuzi 1.1 juu ya joto lake la kawaida. Mtu wa kawaida yake 36.1 akifika 37.2 hiyo ni habari. Ndiyo kazi ya ile karatasi. Kuchanganyikiwa, kukataa chakula, kuanguka bila sababu na kupumua haraka vihesabiwe sawa na homa.

Mama yangu ana joto la ghafla linalompanda usoni. Ni haya haya?

Hapana. Hilo la ukomo wa hedhi ni kinyume chake: haipothalamasi huwa nyepesi kupita kiasi, badiliko dogo la joto la ndani huamsha mishipa na jasho kwa nguvu. Baada ya miaka hupungua, kisha mwili hufuata njia ya uchelewaji kama ya wengine. Lakini likiambatana na kukonda, homa au jasho la kulowesha shuka usiku, aonwe na daktari.

Mguu mmoja tu ndio baridi. Nipuuze?

Usipuuze. Uzee hupoza miguu yote miwili. Mguu mmoja kuwa baridi kuliko mwenzake, hasa wenye maumivu mtu akitembea, huashiria ateri iliyoziba. Ukipoa ghafla, ukapauka na kuuma sana, ni dharura ya saa chache.

Kipima oksijeni cha kidoleni kinaonyesha 84, na mzee anaongea vizuri.

Gusa kidole kwanza. Kifaa hicho husoma mapigo ya damu kidoleni, na kidole baridi kina damu kidogo mno. Pasha mkono, ondoa rangi ya kucha, pima tena kidole kingine. Ikibaki chini, amini namba, utafute msaada.

Amebandikwa bandiko la dawa ya maumivu. Joto lina shida?

Lina shida kubwa kwa bandiko la fentanili. Ngozi ikipata joto, damu huongezeka chini ya bandiko na dawa huingia haraka kuliko ilivyokusudiwa, hadi kumfanya mtu apumue kwa shida. Lisiwekewe chupa ya moto wala blanketi la umeme, na mtu asioge maji moto kwa muda mrefu akiwa nalo. Homa nayo ina athari hiyo hiyo, daktari ajulishwe.

Kuoga maji moto kunamletea kizunguzungu.

Mishipa ya ngozi ikitanuka yote kwa pamoja, presha hushuka, na moyo wa mzee huchelewa kuifidia. Maji yawe vuguvugu, akae kwenye kiti, na akimaliza asiinuke haraka. Bafuni ndiko wengi huanguka.

Vidonge vya vitamini C vinarudisha mishipa kama zamani?

Maabara zimeonyesha kwamba vitamini C ikipenyezwa moja kwa moja kwenye kipande kidogo cha ngozi ya mzee, mishipa ya hapo hutanuka vizuri zaidi. Hilo linathibitisha kwamba kemikali haribifu za oksijeni zinahusika. Kumeza kidonge ni habari nyingine, na sitakushauri ununue kwa sababu hiyo.

Kinachosaidia kwa uhakika zaidi ni mazoezi. Wazee wanaofanya mazoezi ya kuongeza pumzi kwa ukawaida hupata damu nyingi ngozini na jasho zaidi kuliko wenzao wa umri huo wanaokaa. Mwili wa mzee pia bado huzoea joto ukilizoeshwa polepole kwa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo siku za kwanza za msimu wa joto ndizo za kuwa naye karibu, kabla mwili haujazoea.